Pedi za breki mpya, lakini pedali ilizama nikishuka Marangu. Nini hiki?

MamaSindano (Moshi)

Habari za jioni wakuu. Wakubwa shikamooni.

Nina Toyota Spacio ya 2003, ile ya viti saba. Asubuhi inapeleka watoto watatu shule, mchana inabeba vitambaa vyangu kutoka Memorial hadi Majengo ninakoshonea, Jumapili inatupeleka kanisani. Mume wangu yuko Dodoma kikazi, kwa hiyo gari na magonjwa yake yote ni juu yangu.

Mwezi uliopita breki za mbele zilianza kulia, mlio mwembamba kama cherehani iliyokosa oili. Nikaenda gereji moja hapa mjini, wakaweka pedi mpya za mbele, 45,000 pedi na 15,000 ufundi. Mlio ukaisha. Fundi akafungua boneti, akajazia mafuta ya breki mpaka mstari wa juu, akafuta mikono, akaniambia, "Mama, hapo umeshamaliza, miaka miwili hurudi."

Jumapili iliyopita tulikwenda Marangu kwa mama mkwe. Jioni tukarudi: mimi, watoto, shangazi yao, mikungu miwili ya ndizi, gunia la parachichi na kuku mmoja mwenye kelele. Kuanzia Marangu Mtoni nilishuka na gia ya D (gari ni otomatiki), mguu kwenye breki, mwendo wa 40 mpaka 50, ndivyo nilivyozoea. Tunakaribia Himo, lori limepunguza mwendo mbele yangu, nikakanyaga. Pedali ikaenda mpaka kwenye kapeti. Laini, kama nimekanyaga godoro. Nikapiga tena, tena, ya nne ikashika nusu, nikavuta hendibreki polepole huku nikiingia kwenye majani pembeni. Watoto walidhani natania.

Vijana wa bodaboda wakaja. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa na moto hata kulisogelea huwezi, linanuka kama pasi iliyounguza nailoni. Kabla sijasema neno, mmoja wao kalimwagia maji, likafoka moshi. Tukakaa pale kama dakika arobaini. Nikajaribu pedali: imerudi juu, ngumu, kama hakuna kilichotokea! Nikaendesha mpaka nyumbani salama.

Jumatatu nikarudi gereji ile ile. Fundi akakanyaga mara mbili, akazunguka mtaa, akasema, "Mama, breki ziko vizuri kabisa, wewe ndiye unayezitumia sana." Sasa breki kazi yake ni nini kama siyo kutumiwa?

Je, niliuziwa pedi feki? Au masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, imekufa? Tangu Jumatatu nakwenda kazini na daladala.

---

Njiro_Kijana

Pedi feki hizo, huna haja ya kutafuta mbali. Siku hizi boksi linafanana na la orijino mpaka stika, ndani mkaa mtupu. Mimi zangu zilikwisha ndani ya miezi miwili. Ng'oa, weka orijino, utalala usingizi.

---

Dereva_Mstaafu (Arusha)

Marahaba mwanangu. Pole sana, na hongera kwa kuikumbuka hendibreki bila kuivuta kwa pupa.

Mimi siyo fundi wa cheti. Nimeendesha watalii miaka ishirini na miwili, nimeshuka kreta ya Ngorongoro na mteremko wa Mto wa Mbu mara ambazo sikuzihesabu, na jambo hili lilinikuta mwenyewe nikiwa na wageni sita ndani. Kwa hiyo nitaongea kirefu kidogo.

Njiro_Kijana, usikimbilie pedi. Pedi mbovu, au pedi iliyopata moto kupita uwezo wake, haizamishi pedali. Pedali inabaki juu, tena ngumu, unakanyaga mpaka paja linauma na gari halisimami. Mama huyu anasema pedali ilikwenda kwenye kapeti, laini kama godoro, na baada ya kupoa ikarudi. Hiyo ni habari ya mafuta. Mafuta yalichemka.

Mafuta ya breki yana tabia moja mbaya: yanapenda maji. Hata ukifunga kifuniko vizuri, unyevu wa hewa unapenya taratibu kwenye mipira na kwenye kifuniko, na mafuta yanaunyonya. DOT 3, daraja la kawaida la mafuta ya breki, yakiwa mapya kutoka kwenye chupa kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 205. Yakishanyonya maji kufikia kama asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi 140. Sasa kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, ikipata moto inafika 140 bila shida. Mafuta yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke, na mvuke unabonyea. Unapokanyaga, badala ya kusukuma pistoni unakandamiza mapovu. Kupiga pedali haraka haraka kulikusaidia kwa sababu kila mkanyago uliongeza mafuta kidogo kwenye mirija. Yakipoa, mapovu yanarudi kuwa maji, pedali inapona, na fundi wa Jumatatu hana cha kuona. Yeye alipima gari lililopoa kwenye barabara tambarare. Hata kreta ingeonekana salama ukiipima kwa namna hiyo.

Kama unadhani ni moto kidogo, piga hesabu hii. Spacio na mzigo wako tuseme kilo 1,600. Kutoka Marangu Mtoni mpaka Himo unashuka mita mia nne na ushee. Kama nguvu yote ya huo mteremko ingemezwa na breki peke yake, joto lake lingetosha kuchukua ndoo nzima ya lita 20 ya maji baridi na kuifikisha karibu na kuchemka. Upepo na injini vinachukua sehemu, sawa, lakini ukiwa na D, tena mguu haubanduki, injini inasaidia kidogo mno. Ndoo ile umeibandika kwenye diski mbili ndogo za mbele.

Kwa hiyo swali langu la kwanza: mafuta yalibadilishwa lini? Siulizi yaliongezwa lini. Fundi wako alijazia mafuta mapya machache juu ya mazee. Tena pale alipaswa kujiuliza kwanza kwa nini yamepungua. Pedi zikiisha, pistoni inatoka nje zaidi, mafuta yanashuka kuijaza ile nafasi nyuma yake, hayajavuja popote. Ukiweka pedi mpya na kurudisha pistoni ndani, yanapanda yenyewe.

Swali la pili ni hilo gurudumu la kushoto. La kulia lilikuwaje? Kama kushoto peke yake ndiko kulikounguza nailoni, kuna kitu kimeng'ang'ania upande huo, na ndiko mafuta yalikochemkia.

Masta unaipima hivi. Gari limepoa, liwashe, kanyaga breki kwa nguvu ya kawaida na uushikilie mguu dakika moja bila kupiga piga. Pedali ikizama polepole huku unaishikilia, raba za ndani za masta zimechoka, au kuna mahali panavuja. Ikitulia, masta haina kesi.

Yule kijana wa maji mshukuru kwa moyo wake, lakini safari nyingine mzuie. Diski yenye moto ukiimwagia maji inaweza kupinda au kupata ufa. Ukiona usukani unatetemeka unapokanyaga breki kwenye mwendo wa 80, ujue imepinda.

---

MamaSindano

Shikamoo tena mzee wangu. Nimesoma mara mbili, ya pili nikimsomea kijana wangu wa kidato cha tatu, hesabu ya ndoo kairudia kwenye daftari na kasema uko sahihi.

Nimeshikilia pedali dakika nzima kwa saa ya simu. Haikuzama. Usukani hautetemeki. Gurudumu la kulia siku ile lilikuwa na moto wa kawaida, ukigusa rimu unatoa mkono lakini huungui. Kushoto ndiko kulikuwa balaa.

Mafuta sijawahi kubadilisha. Gari nimelinunua 2019 kwa mtu, na yeye sijui. Kwenye kifuniko kumeandikwa BF-3. Duka la spea hapa Double Road wananiambia wana DOT 4 tu. Nichukue?

---

Mbuzi_Choma_254

Uza hiyo Spacio chukua Toyota IST. Matatizo kwisha.

---

Njiro_Kijana

IST nayo ina breki mkuu, haisimami kwa maombi.

Mzee nimekuelewa, nafuta usemi. Ila bado nasema pedi aziangalie. Na mama, kwa taarifa yako, fundi mmoja huku kwetu anajazia kwa oili ya usukani, anasema "zote haidroliki". Mwenye gari alikaa wiki, breki zikaanza kujishika zenyewe.

---

Dereva_Mstaafu (Arusha)

Umefanya vema kulisema hilo. Oili ya usukani, ya gia, ya injini, hata tone, isiingie humo. Raba za breki hazikutengenezwa kwa oili zinazotokana na mafuta ghafi, zinavimba. Zikivimba, masta, kalipa na mipira vyote vinakwenda na maji, na huo ndio mtaji wa mtu kununua IST.

Mama, BF-3 ni kipimo cha Kijapani, kinalingana na DOT 3. DOT 4 inachanganyika nayo na ni nzuri zaidi kwa mtu wa milima: mapya 230, yakishanyonya maji 155. Chukua. DOT 5 usikubali, ile ni ya silikoni, haichangamani na haya. Usiichanganye kichwani na 5.1, hiyo ni ndugu wa DOT 4. Nunua chupa yenye sili, ifunguliwe mbele yako. Kuna maduka yanapima kutoka kwenye debe lililo wazi kwa chupa ya soda. Hayo ni mafuta ambayo yameshaanza kunywa maji kabla hujayalipia.

Lita moja inakutosha kusafisha njia zote nne.

---

DadaSakina

Habari zenu. Dada MamaSindano, mimi nabadilisha pedi mwenyewe nyuma ya nyumba, mume wangu anashika tochi na kulalamika mbu. Naomba nikuambie pa kumwangalia fundi, kwa sababu nina wasiwasi na wa kwanza aliyekufanyia, hasa hapo kushoto.

Kalipa ya Spacio haijafungwa ikakaza moja kwa moja. Inateleza kwenye pini mbili. Pistoni iko upande mmoja tu, wa ndani: inasukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima inateleza na kuivuta ya nje. Pini zikikauka grisi au kile kimpira chake kikichanika vumbi likaingia (na vumbi letu la Januari mnalijua), kalipa haitelezi tena. Pedi ya ndani inabaki inasugua diski hata umeachia mguu. Hapo ndipo moto wako ulipotoka, naweza kuweka dau la khanga doti moja.

Fundi mvivu anafungua bolti moja ya chini, anainua kalipa kama mfuniko, anachomoa pedi, anachomeka mpya, anafunga. Robo saa. Ukimwona hivyo mwambie azitoe pini zote mbili. Zifutwe mpaka zing'ae, zipakwe grisi maalumu ya breki inayostahimili joto, siyo ile ya bearingi za tela, halafu zirudi kwa kusukumwa na kidole kimoja. Zikihitaji nyundo, jibu umelipata.

Pistoni irudishwe ndani taratibu kwa klempu, siyo kwa kuikaba na bisibisi. Waangalie mafuta juu wakati huo, kwa sababu fundi aliyejazia mpaka mstari wa juu akirudisha pistoni yatafurika, na mafuta ya breki yanamenya rangi ya gari kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa. Yakimwagika, maji mengi mara moja. Mimi nina alama kwenye fenda langu, ukumbusho wa siku hiyo.

Kalipa isiachwe inaning'inia kwa mpira wake. Ifungwe kwa waya kwenye springi. Diski ipimwe unene, kipimo cha chini kabisa kwa kawaida kimeandikwa kwenye diski yenyewe, kikwarue kutu utakiona. Na kabla hujawasha gari kuondoka, piga pedali mpaka iwe ngumu! Kuna jirani yangu alisahau, akarudi kinyumenyume mpaka kwenye banda la ng'ombe.

Pedi yako ya mwezi mmoja waambie waitoe, uishike mkononi. Mpya huwa na kama milimita kumi au zaidi za nyama. Mimi nikifika tatu nabadilisha, sisubiri kile kibati kinachopiga mlio pedi ikiisha.

---

MamaSindano

Nimerudi na majibu. DadaSakina, khanga zako ziko salama, umeshinda.

Jumamosi nimekwenda kwa fundi mwingine, mzee wa Pasua anayefanyia kazi chini ya mwembe, hana hata bango. Nilikwenda na kigoda changu nikakaa pale pale. Alitoa gurudumu la kushoto, akafungua kalipa, pini ya juu ikatoka, ya chini ikakataa. Alihangaika nayo karibu nusu saa. Kimpira chake kilikuwa kimechanika, ndani matope makavu mekundu. Pedi ya ndani ya mwezi mmoja imebaki kama nusu, tena imelika kwa mshazari, upande mmoja nene upande mmoja nyembamba kama pindo lililoshonwa na mwanafunzi. Ya nje kama mpya. Nimeziweka dirishani kwenye cherehani yangu, wateja wanauliza ni nini.

Diski aliipima, bado iko juu ya kipimo, na akasema haijapinda.

Tukaja kwenye mafuta. Akanyonya yale ya kwenye kopo kwa bomba la sindano, akajaza mapya, ndipo akaanza kutoa upepo na mafuta ya zamani kwenye mirija. Nyuma kushoto kwanza, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, akamalizia mbele kulia ambako kuna masta. Mimi ndiye nilikuwa mguu. Anasema "kanyaga, shika," anafungua kinati cha kutolea mafuta kwenye gurudumu, anafunga, "achia." Chini ya pedali aliweka kipande cha ubao ili nisiikanyage mpaka mwisho, anasema masta ya zamani ukiifikisha mahali isikozoea kufika, raba zake zinachanika. Na kila baada ya mikanyago michache anakwenda kuangalia kopo, likikauka upepo unaingia upya na kazi inaanza moja.

Yaliyotoka nyuma yalikuwa kama chai ya rangi. Yaliyotoka mbele kushoto, wakuu, yalikuwa meusi kama kahawa ya pale stendi, na tope chini ya chupa. Tukaendelea mpaka yakatoka rangi ya asali changa.

Bei: pedi mpya 60,000 (kwa pande zote mbili, alikataa kubadilisha upande mmoja), pini na vimpira vyake 18,000, mafuta lita moja 22,000, ufundi 30,000. Hapo ni magauni mawili ya sendoff nimeshona bure.

Jumapili alfajiri nikaenda barabara ya TPC kuzizoesha pedi kama alivyoniagiza. Nafika 60, nashuka hadi 20 bila kusimama kabisa, naachia zipoe, narudia, kama mara ishirini. Kijana wangu alikuwa anahesabu, wa mwisho akalala.

Mzee wangu, mambo mawili yamebaki. Nikishuka Marangu nitumie gia gani? Na mafuta yamebaki robo chupa, niyatunze ya kujazia?

---

Dereva_Mstaafu (Arusha)

Nimefurahi sana, huyo mzee wa Pasua mshike usimwachie.

Hapo Marangu Mtoni kabla ya mteremko, zima O/D (ovadraivu, ile gia ya juu kabisa). Ikiwa bado gari linakusukuma, teremsha hadi 2. Injini itapiga kelele, mizunguko 3,000 hata 3,500, muache alie, hiyo haimuui. L, gia ya chini kabisa, iweke akiba ya mteremko mkali na mwendo mdogo sana, kama ile njia ya kushuka kwa mama mkwe wako kutoka barabarani, maana najua Marangu hakuna nyumba iliyojengwa tambarare. Breki ikanyage kwa kukaza, ushushe mwendo, halafu achia kabisa zipumue. Usizilalie. Jaribu siku ambayo shangazi hayupo, ili usipate maelekezo mawili kwa wakati mmoja.

Chupa iliyokwisha kufunguliwa sitegemei zaidi ya wiki chache. Robo hiyo mpe fundi ayatumie wiki hii kwa mwingine, yale yako meusi kama kahawa usiyamwage chini, ampe anayekusanya oili chafu. Andika tarehe kwenye plasta, bandika kwenye kopo la mafuta. Miaka miwili.

---

MamaSindano

Nimeandika kwa kalamu ya kuchorea vitambaa, hiyo haifutiki. Jumamosi tunapanda tena, mama mkwe kasema kuku wa safari iliyopita alisahau kumpa mwenzake.

---

Njiro_Kijana

Ukishuka tupe ripoti. Na mikungu ya ndizi ipungue, mzee kashapiga hesabu ya kilo.